Kengele na wafalme wa Notre-Dame

Ndugu, umeuliza kama kengele na sanamu za kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, ni mpya zote baada ya moto wa 2019. Hapana. Kengele kubwa, Emmanuel, yenye uzito wa tani 13 hivi, ni ya miaka ya 1680, na ilinusurika hata Mapinduzi ya Ufaransa, wenzake walipoteremshwa wakayeyushwa. Zile nane za mnara wa kaskazini ni za mwaka 2013.

Sanamu ndizo zinazoniuma roho. Wale wafalme 28 waliopangwa juu ya milango ya mbele ni wa karne ya 19. Wa awali walikuwa wafalme wa Yuda wa kwenye Biblia, lakini mwaka 1793 walichukuliwa kuwa wafalme wa Ufaransa, wakaangushwa na kukatwa vichwa. Vichwa 21 vilifukuliwa Paris mwaka 1977, sasa viko Makumbusho ya Cluny. Ukivisogelea unaona pua zilizovunjika, na kwenye baadhi ya mashavu wekundu hafifu wa rangi. Kumbe vilipakwa rangi! Ukienda Paris, usiiruke Cluny.