Gesi ya AC haiishi, inavuja

Swali: Kila nikijaza gesi, AC ya gari inapoza wiki tatu hivi, kisha inarudi kupuliza joto. Ni gesi ipi inayodumu?

Zote zinadumu zikibaki ndani. Nimelijibu hili mpaka vidole vimeota sugu. Mfumo wa AC umefungwa, gesi ni ileile inazunguka miaka nenda rudi, hailiwi kama petroli. Ikiisha kwa wiki tatu, kuna tundu.

Anza na macho. Gesi ikitoka huondoka na oili ya kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, na oili hushika vumbi. Mulika tochi kwenye maungio ya mabomba na kwenye kondensa, panapopozewa gesi, ambayo imekaa mbele ya rejeta ikipokea kila kijiwe cha barabarani. Ukikuta doa jeusi lenye mafuta wakati kwingine kote ni kukavu, paka povu la sabuni, mfumo ukiwa na presha, injini imezimwa. Tazama klachi ya kompresa: sili ya shafti ikichoka, oili hurushwa duara kuizunguka. Kisha fungua vile vifuniko vya plastiki vya kujazia gesi. Chini yake kuna vijivalvu vinavyovuja mara nyingi, na hakuna anayevitazama. Nje kukiwa safi kabisa, mshukiwa ni evaporeta, inayopoza hewa ya ndani ya gari, iliyojificha kwenye dashibodi, na huko povu halifiki. Hapo anahitajika fundi mwenye kifaa cha kunusa gesi.

Fundi anayekujazia mara ya tatu bila kutafuta tundu anafanya biashara ya gesi, ufundi kauacha nyumbani. Na kila kilo ya R134a, gesi ya AC za magari mengi, inayopotelea angani hupasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za kaboni dayoksaidi.

Swali: Fundi alipachika geji injini ikiwa imezimwa, ikasoma psi 95, akasema gesi imejaa. Mbona haipozi?

Alichosoma ni joto la siku hiyo. Kwenye nyuzi 30, R134a hutoa presha ya namna hiyo iwe gramu 600 au 200, mradi bado kuna kimiminika ndani. Kiasi hujulikana kwa mizani: gesi yote inyonywe, ipimwe, kisha kirudishwe kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Msizidishe. Gesi ikizidi, presha hupanda na ubaridi hupungua.

Swali: Nikiwasha AC maji yanadondoka chini ya gari. Ndiyo gesi inavuja?

Hapana! Ni unyevu wa hewa. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, huwezi kuiona ikidondoka.

Swali: Kompresa inashika na kuachia kila sekunde chache. Fundi anataka kuipa waya wa moja kwa moja.

Mnyang'anye waya. Mara nyingi ni swichi ya presha inayoikatia umeme kwa sababu gesi ni kidogo, na oili inayoilainisha kompresa husafiri na gesi hiyohiyo. Ukiilazimisha itajisaga, chenga za chuma zisambae hadi kwenye kondensa, na wewe uliyekuwa unadaiwa oringi moja, kijipira cha kuzibia maungio, utanunua karibu mfumo mzima.

Swali: Je, dawa ya kuziba matundu? Na gesi ya kupikia?

Dawa inaweza kuziba na pasipotakiwa, pamoja na mashine ya gereji itakayofuata. Gesi ya kupikia inawaka, na evaporeta iko karibu na magoti ya abiria wako.

Swali: Nimebadilisha kondensa, fundi akajaza gesi papo hapo. Anasema vakumu, yaani kunyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza, ni mbwembwe.

Basi hewa na unyevu vimebaki ndani. Unyevu hutengeneza asidi, au huganda barafu kwenye valvu, AC ikawa inapoza, inakata, inapoza tena. Vuta vakumu dakika 30 au zaidi, na uweke drayeri mpya, maana ya zamani imeshakunywa unyevu. Vakumu ikishika usishangilie mapema, kwani zipo sili zinazostahimili kuvutwa lakini zikisukumwa zinaachia. Jaribu kwa naitrojeni kavu. Ukimwona fundi anaburuta mtungi wa oksijeni ya kuchomelea badala yake, toka hapo kwanza, maneno baadaye: oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka.