Damu Imesafika, kwa Nini Dawa Isiachwe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana saratani ya damu, ile sugu ya mieloidi, na huu ni mwaka wa tatu anameza imatinibu kila siku. Tangu mwaka jana hesabu ya chembe zake za damu ni ya kawaida, naye anasema amepona na anataka kuacha vidonge, lakini daktari wake amemkataza. Kwa nini? Na je, ninaweza kumtolea uboho wangu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, dada. Daktari wa kaka yako yuko sahihi, na sababu yake imejificha ndani ya mifupa, mahali ambapo hesabu ya kawaida ya damu haifiki.

Chembe nyekundu huishi takriban siku 120 tu, kwa hiyo mwili hulazimika kutengeneza mpya kwa mabilioni kila siku. Kazi hiyo huanzia kwenye seli shina chache zilizomo katika uboho, ambazo kila moja inaweza kuzaa aina zote za chembe za damu na pia kujizaa yenyewe ili ukoo usikatike. Wanasayansi James Till na Ernest McCulloch waliona dalili za seli hizo huko Toronto, Kanada, mwaka 1961: panya walioharibiwa uboho kwa mionzi, walipodungwa uboho mzima, waliota vinundu kwenye wengu, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilikuwa uzao wa seli moja.

Ugonjwa wa kaka yako nao ulianzia kwenye seli shina moja. Kipande cha kromosomu ya 9 na cha kromosomu ya 22 (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) hubadilishana mahali, na jeni inayotokana na muungano huo huiamrisha seli kuzaana bila kukoma. Kromosomu hiyo iliyobadilika, ambayo ndiyo alama ya ugonjwa huu, iliyogunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, hupatikana hata katika chembe changa zitakazokuwa nyekundu, jambo linaloonyesha kwamba kosa lilitokea kwenye shina lenyewe. (Kosa hilo halirithiwi wala haliambukizi, wanawe wasiwe na hofu.)

Imatinibu huizima amri hiyo, na chembe zinazoitegemea hufa kwa wingi. Lakini baadhi ya seli shina zenye ugonjwa hulala bila kugawanyika, nazo huweza kuishi hata amri ikizimwa. Aliyewahi kupalilia ndago ananielewa: shamba linaonekana safi, kumbe viazi vyake vidogo vingali udongoni.

Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kuacha dawa, lakini ni baada ya miaka kadhaa ya kipimo cha jeni, si hesabu ya chembe, kuonyesha kwamba alama imepungua mno, na chini ya uangalizi wa karibu kila mwezi mwanzoni. Hata hao, karibu nusu ugonjwa huwarudia, mara nyingi ndani ya miezi sita. Nakusihi umwambie kaka yako hivyo, na kama vidonge vinamsumbua amweleze daktari wake, kwani dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Kuhusu uboho wako, ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Upandikizaji huweka seli shina mpya mahali pa zile za zamani, lakini una hatari zake, na kwa ugonjwa huu siku hizi hufanyiwa hasa wale ambao vidonge vimeshindwa kuwasaidia, au ambao ugonjwa umefikia hatua ya ukali.