Ushairi na Siasa: Maswali Yenu Wiki Hii

Mwalimu, ni kweli Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya mashairi? (Kayole)

Hapana, ingawa nimewasikia hata walimu wakisema hivyo. Kilichomfunga ni waraka wake wa 1968, "Kenya: Twendapi?", uliousuta utawala wa Kenyatta na kukitetea chama cha upinzani cha KPU. Alikaa gerezani toka 1969 hadi 1972, na humo ndimo alimotungia mashairi, kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe ilikuwa ya Jomo Kenyatta!

Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa mjini. Mwenyewe wa kwanza, bila shaka mwanafunzi, alikuwa akihesabu mizani kwa penseli. Kufika "Kuno Kunena" akaacha kuhesabu, akaanza kuzungushia duara kila K na N, ukurasa mzima ukajaa. Lisome kwa sauti utaelewa. Mtunzi anauliza kulikoni hata kunena kumtie kifungoni, na wewe msomaji ulimi wako unakwama kwama. Shairi la kunena, na kulinena ni kazi.

Mafumbo si woga tu? (Eastleigh)

Aliyetunga shairi la "Mamba" ni Abdilatif, yule yule aliyesema waziwazi akafungwa, kwa hiyo woga tuuweke kando. Saadani Kandoro wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, naye alitunga "Siafu Wamekazana", na wasikilizaji wake hawakuhitaji kuambiwa siafu ni akina nani. Fumbo ukishalifumbua mwenyewe, ni lako. Huwezi tena kusema uliambiwa na mtu. Halafu kuna raha nyingine: afisa atakayelalamika kwamba mamba huyo ni mkubwa fulani, yeye ndiye atakuwa amemtukana mkubwa.

Ngonjera ni ushairi au propaganda? (Kibera)

Nyingi ni propaganda. Mathias Mnyampala alizieneza Tanzania, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikawa chombo cha kuhubiri Ujamaa. Wawili wanabishana, lakini mshindi unamjua kabla hawajafungua kinywa. Hata hivyo, mtoto aliyepanda jukwaani na beti zake kichwani hakutoka mikono mitupu.

Washairi wakitawala, mambo huwa afadhali? (Ruiru)

Mshairi Léopold Senghor alikuwa rais wa Senegal toka 1960 hadi 1980. Mwaka 1962 alimkamata waziri mkuu wake, Mamadou Dia, aliyekaa kifungoni hadi 1974. Jijibu.

Shairi ambalo halikuchapishwa lina madhara gani kwa serikali? (Umoja)

Muulize Stalin. Mwaka 1933 mshairi wa Urusi, Osip Mandelstam, alitunga mistari 16 ya kumkebehi, vidole vyake vinene na masharubu yake, akaisoma kwa marafiki wachache tu, kwa mdomo, kama watunzi wetu wa pwani enzi zile. Mmoja akapeleka maneno. Mei 1934 Mandelstam akakamatwa, na katika mahojiano akaliandika shairi hilo kwa mkono wake mbele ya mpelelezi. Alifariki Desemba 1938 katika kambi ya wafungwa, karibu na Vladivostok. Karatasi ile ilibaki kwenye faili la polisi.