Usianze na karatasi ya mahudhurio

Ndugu yangu uliyeripoti juzi kufundisha chuoni, karibu Mtwara. Joto utalizoea, na projekta isiyowaka utaizoea pia. Lakini karatasi ya mahudhurio isizunguke mwanzoni mwa kipindi. Mimi nilifanya hivyo muhula mzima. Karatasi inapita safu kwa safu, wanasainiana, wa nyuma anaomba kalamu, na wewe mbele unasoma malengo ya mada ambayo hayasikiki. Ikirudi mezani robo saa imekwenda, na wanafunzi kichwani wameshatoka nje. Ipitishe mwishoni.

Nafundisha uchumi, mwaka wa kwanza. Siku ya mada ya bei niliingia na korosho ghafi mfukoni, nikazimwaga mezani, salamu fupi. Zile zenye maganda, za kijivu, mtoto wa Newala au Tandahimba anazijua hata gizani. Nikauliza: stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa risiti na kusubiri mnada, ilipoanza kwenye korosho, 2007, wanunuzi waliandika bei kwa siri na kutumbukiza sandukuni. Kwa nini wasipige kelele kama mnada wa mitumba?

Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, ulimi unawasha ujijibu mwenyewe. Nilihesabu kimoyomoyo, nilipofika kama ishirini binti mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Mwalimu, wakisikiana si watapatana?" Akabishiwa na watatu. Ubaoni sikuwa nimeandika hata neno.

Wasio wa huku, waliotoka Kigoma au Mwanza, usiwaeleze wewe. Waache wenyeji wawaeleze. (Na kama unafundisha historia, una reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa mradi wa karanga wa wakoloni kisha ikang'olewa. Sijui mtu anahitaji nini zaidi.)

Swali lenyewe lipime, maana mimi niliteleza. Wiki ya pili niliuliza nani kwao wamewahi kuuza kangomba. Ukumbi ukazizima. Kangomba ni kuuza korosho kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla hazijadondoka mtini. Serikali inaikataza, na anayeuza hivyo ana shida iliyomfika shingoni. Unamtaka mtoto wake anyooshe mkono mbele ya watu mia?

Siku hizi nagawa vipande vya karatasi, jina lisiandikwe, navikusanya kwenye bahasha, nasoma vitatu. Kimoja kiliandikwa: "Baba aliuza magunia mawili mwezi wa nane ili nije kuripoti chuo." Sikutia neno. Kijana mmoja akauliza, kuchukua pesa kabla ya mavuno, kumbe ile si mkopo? Basi riba yake ni kiasi gani? Tukakisia bei ya kangomba, tukaiweka kando ya bei ya mnada, tukapiga hesabu ubaoni mpaka wa kipindi kinachofuata wakaanza kuchungulia mlangoni. Kwenye mpango wangu, mada ya riba ilikuwa ya wiki ya sita.