Maswali na majibu: Kitanda cha kambini, baridi ya mgongoni na kitakizo kisichoingia

Safari hii karibu kila swali lililofika linahusu vitanda vya kukunja. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Tukubaliane majina kwanza: mifumbati ni zile fito mbili ndefu za ubavuni zinazoshika kitambaa, vitakizo ni vile vyuma viwili vifupi vya kukaza, kimoja mchagoni na kingine miguuni, na matendegu ni miguu.

Nimenunua kitanda kizuri, nikajifunika begi la kulalia na blanketi mbili juu, lakini nilitetemeka mpaka alfajiri. Kitanda changu kina kasoro?

Hakina. Swali hili linarudi kila msimu, nami nitalijibu kwa urefu ili lisirudi tena.

Ukilala chini, ardhi inakunyonya joto kwa kukugusa. Ukipanda kitandani ardhi haikugusi tena, ila umeacha uwazi chini yako, na hewa ya usiku inapita hapo bila kizuizi. Kitambaa cha kitanda ni tabaka moja tu, hakizuii baridi hata kidogo. Na begi la kulalia halikusaidii upande wa chini, kwa sababu joto lake linatokana na hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi au manyoya. Unapolilalia, uzito wako unayabana, hewa inatoka, na chini ya mgongo kinabaki kitambaa kikavu. Ndiyo maana blanketi ya tatu juu yako haibadilishi kitu: kinachohitaji kuzibwa ni chini.

Weka mkeka wa sponji ngumu juu ya kitanda. Mikeka hupimwa kwa kipimo cha R: namba ikipanda, joto linapotea polepole zaidi. Tangu 2018 kuna kiwango kimoja cha upimaji, ASTM F3340, kwa hiyo mkeka uliopimwa kwa kiwango hicho unaweza kuulinganisha na wa kampuni nyingine bila wasiwasi. Mkeka wa kawaida wa sponji ngumu una R ya 2 hivi. R hujumlishwa: mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, inakupa 4. Usiku wa kawaida usio na baridi kali, 2 inatosha kitandani. Maji yakikaribia kuganda, usiende na chini ya 4. Kwenye theluji anza na 5.

Godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani si dawa. Hewa iliyomo inazunguka, inachukua joto la mwili na kulishusha upande wa chini. Ukitaka ulaini wake, weka sponji pamoja nalo. Pia sukuma mabegi yako chini ya kitanda yazibe upande unaotoka upepo. Ni kazi ya dakika moja na utaisikia tofauti.

Kwenye joto, mambo yanageuka. Uwazi ule ule wa chini ndio utakaokupoza, kwa hiyo mkeka uache ndani ya begi.

Kitanda gani ni bora kuliko vyote?

Aliyeuliza hakutaja kimo chake, uzito wake, analalaje, wala kama anakwenda kwa gari au kwa miguu. Bila hayo manne hakuna jibu, na muuzaji atakayekupa jibu bila kukuuliza anataka kumaliza akiba yake ya dukani.

Nina kilo 105. Kitanda kimeandikwa kinabeba kilo 120. Si kinatosha?

Hakitoshi. Namba ile ni ya mtu aliyelala kimya, uzito wake umetandazwa kitanda kizima. Wewe hutakaa hivyo. Utakaa ukingoni kufunga viatu, utapiga goti kutafuta tochi, utajitupa ukiwa umechoka. Hapo kilo zote 105, na nguvu ya kishindo juu yake, zinashuka kwenye mfumbati mmoja, tena katikati ya matendegu mawili.

Acha nafasi ya theluthi moja. Kwa uzito wako tafuta kilo 140 kwenda juu, kisha usiishie kusoma lebo. Kifungue kitanda ukigeuze juu chini. Mifumbati hukunjwa vipande viwili au vitatu, na kiungo cha vipande ndicho sehemu dhaifu kuliko zote. Tazama kama kiungo kimekaa juu ya tendegu au karibu nalo. Kama kinaelea peke yake sentimita 30 kutoka tendegu la karibu, hapo ndipo kitanda kitakapopinda. Kisha tazama matundu ya ribiti, yaani misumari inayoshikanisha mabomba: bomba jembamba lililotobolewa tundu pana limeshapoteza nguvu kabla hujalilalia. Jozi tatu za matendegu ni bora kuliko mbili.

Na ukikaa, kaa juu ya tendegu, usikae kati ya tendegu na tendegu. Mazoea hayo peke yake yanaongeza umri wa kitanda.

Kimo changu ni sentimita 186, kitanda kina 190. Kitanitosha?

Hapana. Ukilala chali vidole vya miguu vinanyooka, na mto unakusogeza chini. Ongeza sentimita 15 juu ya kimo chako, kisha kumbuka kwamba urefu ulioandikwa mara nyingi umepimwa kutoka ncha ya nje mpaka ncha ya nje, vitakizo vikiwemo. Wewe tafuta 205 au zaidi, la sivyo visigino vitalala juu ya chuma.

Nalala ubavu. Asubuhi bega na nyonga vinauma kama nimelala sakafuni.

Watu wengi wanadhani kitanda kilichokazwa sana ndicho kizuri. Kwa anayelala chali, ndiyo, kwa sababu kitambaa kilicholegea kinamkunja kama yumo ndani ya machela. Kwa anayelala ubavu, kitambaa kilichokazwa kama ngozi ya ngoma hakiachi bega wala nyonga kuzama, na uzito wote unabaki kwenye mifupa hiyo miwili.

Usikilegeze kitambaa. Ongeza kitu laini juu yake: mkeka mnene wa sentimita 5 hadi 8. Kama ni wa kujaza upepo, ujaze mpaka uwe mgumu, lala ubavu, kisha fungua valvu kidogo kidogo hadi nyonga izame bila kugusa kitambaa cha chini. Ukijaza mpaka mwisho umejirudishia sakafu ile ile.

Jambo la pili ni upana. Vitanda vingi vina sentimita 60 hadi 65, na kutoka hapo toa sehemu ya mifumbati yenyewe. Anayelala ubavu hukunja magoti, na magoti yanatua juu ya chuma. Chukua 75 au zaidi.

Halafu kuna upau unaopita chini ya kitambaa kuunganisha matendegu. Kabla ya kununua, lala ubavu, mwombe mwenzako apitishe mkono kati ya nyonga yako na upau huo. Mkono usipopita kwa urahisi, kitambaa kikianza kulegea kidogo utakuwa unalalia bomba. Na lala dakika 20, usilale dakika moja. Kitanda chochote ni kizuri kwa dakika moja.

Kitakizo cha pili hakiingii hata tusukume watu wawili. Tumerudisha kitanda dukani.

Mmerudisha kitanda kizima kwa sababu ya mkunjo wa kitambaa, naamini hivyo. Fuateni hatua hizi kwa kile kingine.

Kwanza hakikisha matendegu yote yamefunguka mpaka mwisho. Tendegu moja la katikati likibaki limefungika nusu, mifumbati haiwezi kuachana. Pili, angalia mshono wa kitambaa kando ya kila mfumbati. Unatakiwa ulale mstari mmoja kutoka mchagoni mpaka miguuni. Ukiwa umezunguka bomba, kitambaa kimejisokota na kula sentimita kadhaa za upana, na sentimita hizo ndizo mnazopigana nazo. Kizungushe kwa viganja mpaka mshono unyooke.

Sasa ingiza kitakizo cha mchagoni. Kisha nenda miguuni, pitisha kitakizo kwenye mfuko wake wa kitambaa, tundu la upande mmoja ulivishe kwenye pini yake. Laza kitanda kwa ubavu, upande uliokwisha kuvishwa uwe chini ardhini. Shika mfumbati wa juu kwa mikono miwili uuvute kwenda juu, huku goti likisukuma kitakizo kuelekea pini. Kitaingia kwa mlio mmoja mfupi. Mikono ikae mbali na pini yenyewe, kwa sababu chuma kikiteleza hapo kinavunja kucha. Vaa glavu. Nyundo usiiguse: inapinda pini, na pini iliyopinda haishiki tena.

Kitambaa kipya hukakamaa, na baridi hukikakamaza zaidi. Kiunge nyumbani, kiache siku nzima kikiwa kimekazwa. Safari ya kwanza haitakusumbua, na ukifika kambini usingoje giza.

Kila nikigeuka kinalia, hema zima linaamka.

Mara nyingi ni vumbi na mchanga kwenye viungo. Osha ribiti kwa brashi na maji, kausha, kisha paka nta ya mshumaa au silikoni ya kupuliza. Usitie mafuta ya mashine: yanashika mchanga, na baada ya safari mbili una msasa ndani ya kiungo. Kama sauti ni ya mkwaruzo, kitambaa ndicho kinachosugua bomba, na nta hiyo hiyo inatosha. Kama ni ya kugonga, ribiti imelegea au tendegu moja linaelea juu ya ardhi isiyo sawa. Weka jiwe bapa chini ya tendegu hilo. Kitanda kilichosokotwa usiku kucha ndicho kinacholegeza ribiti.

Kirefu au kifupi? Hema langu ni la watu wawili.

Kifupi, chenye kimo cha sentimita 13 hadi 18. Kuta za hema dogo zimeinama, na ukijiinua sentimita 40 bega linafika pale ukuta unapokaribia. Usiku pumzi inageuka maji kwenye ukuta huo, begi la kulalia likigusa linalowa, na begi lililolowa halina joto. Pima upana wa hema kwenye kimo cha kitanda pamoja na mwili wako. Usipime sakafuni. "Watu wawili" maana yake ni mikeka miwili iliyobanana chini. Vitanda viwili havihesabiwi humo.

Vifupi vingine vina uzito wa kilo 1.2 hadi 2 na vinaingia kwenye begi la mgongoni. Virefu vya chuma vina kilo 6 hadi 11, hivyo ni vya gari.

Matendegu hayatatoboa sakafu ya hema?

Yatatoboa kama yana ncha ndogo na kofia za plastiki zimeanguka. Upau ulioinamia chini na kuunganisha tendegu na tendegu unatandaza uzito vizuri zaidi. Kwa ncha za mviringo, weka kipande cha plaiwudi cha kiganja kimoja chini ya kila moja, pembe zake zikiwa zimesuguliwa. Ondoa kokoto kabla ya kutandika hema, kwa sababu mara nyingi kinachotoboa ni jiwe lililoko chini likibanwa na tendegu kutoka juu.

Sisi ni mke na mume. Tufunge viwili pamoja?

Msifanye hivyo. Mtalala na mifumbati miwili ya chuma katikati yenu.

Mama yangu ana miaka 70, magoti yanamsumbua. Nimchukulie kipi?

Pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti lake akiwa amekaa, miguu imekanyaga vizuri. Kitanda kiwe na kimo hicho au kizidi sentimita 2 au 3, kwa sababu kitambaa hushuka akikaa. Kwa watu wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50. Kifupi usimpe hata kama kinabebeka. Kukishukia anaweza, ila kuinuka kutoka sentimita 15 akiwa na magoti mabovu, usiku, gizani, ndiko kunakoangusha watu.

Mfundishe jambo moja: asikae mwisho kabisa wa kitanda, nje ya tendegu la mwisho. Vitanda vyepesi huinuka upande wa pili na kumwaga aliyekaa. Akae katikati, juu ya tendegu. Na pembeni kuwe na kitu kigumu cha kushika, kiti kizito au sanduku. Nguzo ya hema haifai, haimwezi.

Baada ya misimu miwili kitambaa kimezama katikati. Naweza kukikaza?

Vitanda vingi havina pa kukazia. Nailoni hunyumbuka ikilowa, poliesta hunyumbuka kidogo tu ukiilinganisha nayo, kwa hiyo ukinunua kingine chagua poliesta ya denia 600 au zaidi. Denia ni uzito wa uzi kwa gramu kwa kila mita 9,000, na namba kubwa ni uzi mnene. Turubai la pamba ni imara na tulivu, ila likikunjwa bichi linaota ukungu na mishono inaoza, basi liache likauke kwanza, hata ikibidi ulifungue tena nyumbani.

Kabla ya kutupa, uliza kama kampuni inauza kitambaa au kitakizo peke yake. Mimi hilo naliweka mbele ya rangi, mfuko wa chupa na mto wa bure. Fremu nzima ikiwa salama, kitambaa kipya kinavutwa kwenye mifumbati kwa nusu saa. Usishone mkunjo katikati ili kukaza: uzi unachukua uzito wote kwenye mstari mmoja na kitambaa kinachanika hapo hapo, kwa kawaida saa za usiku.