Barua kwa mwanangu: bibi harusi akija na picha

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima. Nyanya yako magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama salimini, na anakusalimu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana nikirekodi sauti hapa nyumbani kila dakika kuna mtu anapiga hodi. Unasema umechoka na ofisi ya bima, na maua unayowafanyia marafiki zako harusini siku za Jumamosi yameanza kukuletea wateja usiowajua. Kinachokukwaza ni kwamba kila bibi harusi anakuja na picha kwenye simu, anataka vile vile, rangi ile ile, hata utepe ule ule. "Sasa mama, hapo mimi nabuni nini? Nimekuwa mashine ya kutoa kopi?" Halafu ukatia mzaha wako: mbona mimi, kwa umri wote huu kazini, sina hata picha moja ya kuonyesha.

Unabuni kila ambacho picha haina, mwanangu, na ni kingi. Picha ni ya dakika moja, tena mara nyingi ya nchi ya baridi. Wewe bibi harusi wako atashika lile shada kuanzia alasiri, ataliweka mapajani ndani ya gari, litapigwa na taa za ukumbi, na saa 5 usiku ndipo mawifi watalisogelea kulichungua. Kulifikisha ua saa hiyo likiwa bado ua, kazi iko hapo. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha simuulizi haya ni maua gani. Namuuliza, umependa nini hapa? Kisha nanyamaza mpaka aseme mwenyewe.

Shaaban iliyopita alinijia msichana na picha ya peoni, yale maua manono ya Ulaya. Mmea ule hautoi maua bila kupita kipindi cha baridi kali, kwa hiyo pwani yetu usiutafute, na ukiagiza ya kuletwa kwa ndege utauza shamba. Nikamuuliza amependa nini. Akafikiri, akasema, "Yamejaa, yanataka kupasuka." Basi kujaa kule hata waridi la Naivasha linakuweza, ukilijua.

Waridi hushuka kwetu na basi la usiku, limefungwa ndani ya katoni, tumba limebana, na petali za nje zimechubuka. Usishtuke na huo mchubuko. Wakulima huziacha petali hizo makusudi zikinge za ndani. Zing'oe taratibu, ukizichezesha kushoto na kulia mpaka ziachie chini kabisa. Kata shina mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yote yatakayozama, litie kwenye ndoo safi yenye maji ya vuguvugu, ulale. Kesho yake likishalegea, shika petali ya nje, weka kidole gumba katikati yake, na kwa vidole vingine uigeuze ielekee nje. Ikikatika, ujue umeharakisha, ua bado lina baridi ya safari. Geuza tano au sita, kati uache limejifunga, na utaona waridi limekuwa ua jingine. Msichana yule alipoliona shada lake hakulitaja tena jina la peoni.

Wewe ulipo una bahati ambayo mimi sina. Waridi liko karibu nawe, hewa ya Nairobi hailiunguzi, na ukiwahi pale soko la City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu, unachagua. Kumbuka tu kwamba waridi la Naivasha, kwenye kama mita 1,900 juu ya bahari, na la huko Timau, ubavuni mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000, si sawa. Kwenye baridi zaidi ua hukua polepole na kichwa huwa kikubwa. Mtu akitaka shada la kujaa, nunua la juu. Akitaka vishada vidogo vya meza, usipoteze pesa.

Lakini kazi iliyonifundisha kubuni haikuwa waridi. Ni asumini na kikuba, kile kishada cha kunukia cha kifuani, na hilo nataka nikueleze kwa kituo, kwa sababu ulikuwa ukilala wakati mimi na nyanya yako tunatunga.

Asumini huchumwa alasiri, tumba likiwa jeupe, nono, limefumba. Ukichuma asubuhi unapata lililochanua jana, kesho yake lina rangi ya chai. Ukichuma saa 10 alasiri linachanua lenyewe baada ya Magharibi, uzini, shingoni mwa mtu, na harufu inatoka wakati huo huo. Kwa hiyo mimi nikitunga koja la bwana harusi sitazami lilivyo mkononi mwangu. Naliona lilivyo saa 3 usiku. Uzi wa pamba nauchovya maji. Sindano naipitisha kwenye kikonyo, si kwenye moyo wa ua, kwani ukilichoma moyo halichanui vizuri. Naacha nafasi ndogo kati ya tumba na tumba, na anayepita huniambia, "Mama, mbona umelegeza?" Usiku ule nafasi zile hujaa zenyewe. Likiisha nalilaza juu ya jani la mgomba lililonyunyizwa maji, nalifunika na jingine, wala siliweki karibu na ndizi mbivu au maembe, kwa sababu pumzi ya matunda yanayoiva huzeesha maua. Ndiyo maana jokofu la jikoni silitaki.

Kikuba nacho ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja, na humo ndimo mtu huonyesha akili yake. Kipande cha ua la mkadi nyuma, kishike wenzake. Vijiti viwili vya mrehani. Asumini kadhaa. Petali za waridi kwa rangi. Kisha kilua, ua la harufu kali, kimoja tu. Ukiweka viwili vinameza wote. Mkadi hunukia hata ukikauka, mrehani hunukia ukiguswa, asumini hunukia ikichanua, kilua hunukia kwanza kabla ya wote. Ukivijua hivyo unaweza kupanga mwenye kukumbatiwa anukie nini, na mwenye kupita mbali anukie nini. Ua la langilangi natia nikilipata zuri, lililogeuka manjano na kuchumwa alfajiri. Lile la kijani bado halina kitu. Na jambo jingine ambalo watu wengi hawalifuati: nguo ifukizwe udi kwanza, ipoe, ndipo kikuba kipigwe pini kifuani. Moshi wa moto hukausha asumini kabla haijatoa chake. Nimewahi kubishana na wapambaji wa bibi harusi mlangoni mwa chumba kwa ajili hiyo, nami sikujali.

Hapo sasa unaona kwa nini sina picha. Usiku wa kupamba, ukumbini ni wanawake watupu, wamevua mabuibui, na simu nyingi huachwa mlangoni. Bibi harusi anapanda jukwaani, nywele zina nyuzi za asumini, kifua kina kikuba, kitanda chake nyumbani kimemwagiwa asumini na petali, na hakuna picha itakayotoka humo kwenda kokote. Kazi zangu nilizozipenda kuliko zote zimekwisha asubuhi yake. Wateja walinijia kwa pua. Mtu alimkumbatia biharusi, akauliza, nani amekufungia? Wewe zama zako ni nyingine, piga picha zako za mashada na meza, lakini waombe ruhusa wenyewe kwanza, na usiione harusi isiyopigwa picha kuwa ni kazi iliyopotea.

Kuna kalenda mbili utakazozibeba kichwani, na hii nayo ni sehemu ya kubuni ingawa haionekani hivyo. Maua yanafuata jua na mvua. Harusi za Waislamu zinafuata mwezi, na mwaka wa mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Harusi hujazana Shaaban, kabla ya Ramadhani, kisha tena Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwaka 2017 Shaaban iliangukia mwisho wa Aprili na Mei, masika yenyewe, na tumba la asumini lililolowa mvua hupata madoa haraka. Mwaka 2026 ikaangukia Januari na Februari, kaskazi kali, na juma lake la mwisho likagongana na Februari 14, siku ambayo dunia nzima inataka waridi jekundu na bei inapanda mpaka hapa. Mimi maharusi wa juma lile niliwashawishi mapema waende rangi ya maziwa na majani mengi: mkuyu mchanga, mrehani, vijiti vya mkoma. Hawakujua kwamba nilikuwa nakimbia bei. Walidhani ni mtindo mpya, na ukawa mtindo kweli, maana wawili wengine walikuja kuutaka. Harusi za makanisa huko kwako hupenda Agosti na Desemba, hizo hazihami, angalau hilo litakupumzisha.

Habari ya sponji la kijani, lile la kuchomekea maua. Lilivumbuliwa Marekani mwaka 1954 na limerahisisha kazi kweli. Ukilitumia liache lizame lenyewe majini, ukilikandamiza kwa mkono linabaki kavu ndani na maua yatakufa ukiyatazama. Lakini ni plastiki, likivunjika unga wake hauozi, na mimi siku hizi kwa meza na milango natumia gogo la mgomba. Likate vipande, litoboe kwa kijiti, lina maji yake. Kazi ikiisha unalitupa shambani. Ila utomvu wake ukigusa kitambaa cheupe doa halitoki mpaka siku ya kiama, basi lifunike kwa majani vizuri, na msaidizi wako anawe mikono kabla hajasogelea gauni la mtu. Kwa shada la mkononi huhitaji sponji wala gogo: mashina yakizungushwa upande mmoja kila yanapoongezwa yanashikana yenyewe, unafunga uzi mahali pamoja tu.

Pesa. Umesema umezipigia hesabu, nami nakujua, umehesabu maua ukajisahau wewe. Tia ndani nauli ya katoni, kijana wa kubeba ndoo, maua ya ziada kwa yatakayovunjika, na usiku wako wa kukesha, kwa sababu wa Ijumaa huo hutalala. Chukua arubuni siku ya makubaliano, na salio lote kabla hujatia kisu kwenye shina la kwanza. Hata kwa binamu yako. Hasa kwa binamu yako. Siku mbili kabla ya harusi usikubali kubadilishiwa rangi, na uwaandikie hivyo mapema ili isiwe maneno. Mwezi wa Ramadhani mimi hufunga na mapato pia. Wewe tafuta hoteli au ofisi zinazotaka maua kila juma, hayo ni maua ya kuchosha, yale yale kila Jumatatu, lakini yatalipa kodi ya nyumba. Na mgongo utauma. Ndoo ya maji hainyanyuliwi kwa mapenzi.

Kuhusu kuacha bima, sikwambii acha wala sikwambii kaa. Nakuomba jambo moja kabla hujaandika barua ya kujiuzulu. Fanya harusi moja ya pwani pamoja nami, kutoka kuchuma mpaka kufagia. Binti wa jirani zetu wa nyuma anaolewa Mfungo Pili, Jumamosi ya pili, nikaha baada ya Alasiri na kupamba usiku. Itakuwa masika, kwa hiyo asumini itabidi tuichume tukiivizia mvua, na mama yake anataka vikuba vya wageni wote wa meza za mbele. Yeye naye ameshaniletea picha, usicheke. Ni ya tao la maua meupe kwenye theluji, na nimeshamuuliza amependa nini. Amesema ule weupe juu ya kitu cheusi. Nafikiria makuti yaliyokaushwa yakawa ya hudhurungi iliyokolea, na asumini zining'inie kwa nyuzi ndefu, lakini nyuzi zikilowa zinashikana na sijaamua nitazitenganisha vipi. Fikiri na wewe.

Omba ruhusa ya Ijumaa, upande basi la usiku wa Alhamisi. Niletee waridi la rangi ya maziwa, la shina la sentimita 50, mikasi yako uliyoizoea, na uzi wa pamba mweupe ule mnene, wa huku siku hizi unakatika. Uniambie kabla ya Jumatano kama utakuja, ili nimwambie mwenye bustani ya asumini anibakishie miti miwili.

Mamako