Kwa unayeanza kuandika maoni ya vitabu: kila kitabu kina swali lake

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupokea maoni ya wasomaji na kuyahariri kabla hayajawafikia wengine. Yamepita mikononi mwangu maoni juu ya riwaya, diwani, tawasifu, vitabu vya watoto, hata miongozo ya ufugaji. Sentensi niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni hii: "Kitabu kizuri, kinafundisha." Wewe unayeanza, hiyo usiiandike. Huenda ni kweli tupu, ila unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote, hata kile ambacho hukukifungua.

Nilimrudishia msomaji mmoja maoni ya namna hiyo nikamwuliza: ulipokuwa unasoma, ni wapi ulisimama? Akanijibu kwamba katika riwaya ile mama mwenye nyumba hasemi neno mpaka sura ya saba. Alipofungua kinywa, msomaji alilazimika kurudi sura ya kwanza kutazama muda wote ule mama alikuwa akifanya nini. Alikuwa akikunja nguo za watu wengine. Kila ugomvi ulipozuka, yeye yupo pembeni, anakunja. Nikamwambia: hayo uliyonieleza ndiyo maoni yako, yaandike hivyohivyo. Tangu hapo swali hilo la "ulisimama wapi" nalianza nalo mimi mwenyewe, na hukaa na kipande cha karatasi ndani ya kitabu, naandika namba ya ukurasa na maneno mawili matatu. Kumbukumbu hudanganya upesi, hasa kitabu kikikupendeza.

Lakini swali moja halitoshi vitabu vyote. Mwongozo wa kazi huupimi kwa utamu wa lugha, unaupima kwa mikono. Niliwahi kupata maoni mawili juu ya mwongozo mmoja wa ufugaji nyuki. Wa kwanza aliusifu kwa picha na karatasi nzuri. Wa pili alikuwa amevaa kinga akaenda mzingani na kitabu chenyewe. Akaandika kwamba kinamwambia apulize moshi kabla ya kufungua, ila hakimwambii apulize kiasi gani wala asubiri kwa muda gani. Mstari huo mmoja ulikuwa na faida kuliko sifa zote za mwenzake.

Mashairi nayo yasome kwa sauti, tafadhali. Kama mshairi ameshika arudhi, yaani kanuni za utunzi, hesabu mizani (silabi) kwa vidole: katika tarbia iliyozoeleka, shairi la mishororo minne kila ubeti, mshororo una mizani 16, nane kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho. Anapoteleza, sikio litakuambia kabla ya kidole. Aliyeandika shairi huru, usimlaumu kwa kukosa vina ambavyo hakuahidi. Mwulize kwa nini amekata mstari pale alipoukata.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulipuuza: sema umesoma toleo gani. Mwaka 1851 riwaya ya Herman Melville, Moby-Dick, ilitoka London mwezi mmoja hivi kabla ya kutoka Marekani, na nakala za London zilikosa ule ukurasa wa mwisho unaoeleza jinsi msimulizi alivyonusurika meli ilipozama. Baadhi ya wahakiki wa huko wakalalamika: kama wote wamekufa baharini, nani anatusimulia? Walisema kweli kuhusu nakala waliyoishika, na mwandishi akabeba lawama isiyo yake. Kwa tafsiri ni muhimu zaidi. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka tena mwaka 1969. Anayesifu au kulaumu Kiswahili cha tamthilia ile bila kutaja mwaka anatuacha njia panda. Na jina la mfasiri lisikosekane kamwe. Maneno unayoyasoma ni yake.

Kama hukumaliza kitabu, sema uliachia wapi na kwa nini. Hakuna aibu. Kama mwandishi ni rafiki yako, hilo pia liseme. Mwisho wa hadithi usiufichue. Maoni ya wengine yasome baada ya kuandika yako, la sivyo utajikuta unajibu watu badala ya kusema juu ya kitabu.

Ukipingana na msomaji mwingine, usikimbilie kurekebisha. Tulipata tawasifu ya mwanamke aliyemwuguza mumewe kwa muda mrefu. Msomaji mmoja aliandika kwamba sura za katikati zinakokota: chumba kilekile, dawa zilezile, saa ileile. Mwingine akaandika kwamba sura hizohizo alizisoma akiwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, na kwamba kwa mara ya kwanza aliona siku zake zimeandikwa kama zilivyo, bila kufupishwa. Wote wawili walitaja kurasa zilezile. Niliyaweka maoni yao pamoja, moja chini ya jingine, na sikuongeza neno.